Kaseti Yenye Omena

Wiki iliyopita mliniacha chini ya trela la miwa, damu mdomoni, jino langu la mbele limebaki kwenye rungu la askari wa kampuni. Wengine wenu mmeniandikia barua za pole. Zirudisheni. Mkishasoma ya leo mtamtafuta yule askari mumwombe aje amalizie kazi.

Jina langu mnalijua, Maroa. Jino halikurudi na kazi haikurudi. Nilichobaki nacho ni pengo, na kupitia lile pengo kila neno lenye herufi Z lilitoka na mluzi. Mke wangu Mellen alikuwa akinicheka, anasema ameolewa na birika la chai. Naomba huo mluzi muukumbuke.

Mfanyabiashara mmoja wa Migori, Abdishakur, alikuwa na redio kubwa ya deki mbili ambayo mteja alimrudishia. Akanipa nijaribu bahati. Upande huu unaweka kaseti ya mwimbaji, upande ule kaseti tupu niliyoitoa Isebania, unabonyeza vitufe viwili, unakaa unakula njugu. Wimbo ukiisha, zimekuwa mbili. Nani ameumia? Ndivyo nilivyojiuliza, na kwa kuwa aliyejibu ni mimi mwenyewe, nilipata jibu zuri.

Mkabala na kibanda changu cha soko la Migori kulikuwa na Mogaka, fundi wa redio. Msabato safi, mpole, hajawahi kurekodi kaseti ya mtu hata moja. Siku ya kwanza aliifungua ile redio yangu, akatikisa kichwa.

"Ndugu Maroa, swichi ya maiki imekufa. Hii kitu ikiwa inarekodi kaseti, inakurekodi na wewe. Acha nikubadilishie."

"Wacha ikae, fundi. Kwani mimi naimba?"

"Huimbi. Lakini unaongea sana."

Nilicheka. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza vichwa vya watu wengine kwanza.

Mwaka huo wa tisini na sita kulikuwa na mwimbaji wa Homa Bay aliyeitwa Zadock. Mkewe, Awino, alifariki akijifungua. Zadock akatunga wimbo mmoja, akaenda kuurekodi, akarudi na kaseti zake mwenyewe. Kwenye karatasi ya jalada kulikuwa na picha ya Awino ameketi kwenye kiti, na chini yake maneno haya: Haki zote zimehifadhiwa. Ni hatia kunakili kaseti hii.

Niliipeleka ile karatasi kwa mashine ya kopi. Picha ya Awino ikatoka na giza giza. Yale maneno ya hatia yakatoka safi kabisa.

Kaseti yenyewe nilikuwa nimeiazima kwa mteja kwa muda wa mchana mmoja tu. Nikabonyeza vitufe. Nyuma ya ukuta wa mabati Mellen alikuwa anapika omena, wale dagaa wa ziwani. Zadock akaanza kuimba na gita lake, anamwuliza marehemu kwa Kijaluo, "Awino, idhi kanye?" Awino, unakwenda wapi? Hapo hapo pua yangu ikanusa moshi.

"Mellen!" nikapiga kelele. "Zima jiko, omena inaungua!"

"Nimezima! Wacha kelele!"

Kaseti ikaendelea kuzunguka. Mimi nikaendelea na njugu. Sikuisikiliza tena, kwa sababu mwizi wa nyimbo hana muda wa kusikiliza nyimbo. Nikairudisha ya mteja, na ile kopi yangu moja ikazaa kopi zote nilizouza mpaka Rangwe.

Na ni huko Rangwe mambo yalikoharibikia. Watu wa ukoo wa Awino walifanya kumbukumbu yake, hema likajaa, na mpwa wa Zadock akaweka kaseti kwenye spika kubwa. Hakujua amenunua yangu. Akina mama walikuwa wanalia. Zadock mwenyewe amesimama karibu na kaburi, kofia mkononi. Spika ikauliza, "Awino, idhi kanye?" Na spika ikajibu, kwa sauti yangu na mluzi wangu, "Mellen! Zima jiko, omena inaungua!"

Mama mmoja aliziba mdomo, akashindwa. Akacheka. Akacheka wa pili. Mnajua kicheko cha matangani, ukikizuia ndipo kinapopasuka. Hema lote likacheka mbele ya kaburi la mke wa mtu.

Haya alinisimulia Zadock mwenyewe baadaye, tukiwa tumekaa mahali ambapo hakuna kati yetu aliyeweza kumkimbia mwenzake. Aliniambia alipiga ile spika teke, akampiga mpwa wake mpaka akamtoa damu masikioni, kisha akakaa chini kwenye udongo.

Mkidhani hayo yalinifilisi, hamjui watu. Wateja walianza kuja wakiniambia, "Nataka ile iko na omena." Watoto wakawa wanaitana barabarani, zima jiko! Zadock akileta kaseti zake za halali sokoni, watu wanasikiliza mwanzo, wanangoja, hawasikii Mellen, wanamrudishia, wakimwita jaduong', yaani mzee.

"Hii ni feki, jaduong'. Haina omena."

Mwenye wimbo akawa mwongo, mimi nikawa orijino. Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi nikanenepa shingo.

Akaenda kituo fulani cha polisi, sitakitaja. Akaweka mezani ile karatasi ya haki zote zimehifadhiwa. Askari akaisoma, akaigeuza nyuma, akamwuliza, "Huu wimbo bado unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Basi bado uko nao. Kitu gani kimeibiwa?"

"Sheria iko, afande."

"Iko. Iko kwa kitabu, na kitabu iko Nairobi."

Zadock akatoka. Kabla hajafika langoni alimsikia askari mwingine kule ndani akiimba chini chini, zima jiko, zima jiko. Alisema hapo ndipo alipoacha kutafuta sheria akaanza kunitafuta mimi.

Na nani alimwonyesha njia? Mimi mwenyewe.

Nilipata habari kwamba Uriri kuna jamaa anaitwa Ryoba, Mkuria mwenzangu, ananunua kaseti yangu moja, anaizalisha, anauza. Yaani ananiibia! Damu ilinipanda kichwani. Nikaenda Uriri mbio, nikamkuta amekaa kama nilivyokuwa nikikaa mimi, anakula njugu, deki mbili zinazunguka.

"Hiyo ni mali yangu!" nikamwambia. "Sauti ni yangu, omena ni yangu, Mellen ni bibi yangu!"

Ryoba akacheka. "Na gita? Gita pia ni yako?"

Nilichukua jiwe la mizani la muuza mahindi wa jirani nikampiga nalo taya. Nilisikia likivunjika. Akaanguka kwenye kaseti zake, na mimi nikazikanyaga moja moja, zile kaseti nilizoiba mimi kabla hajaziiba yeye. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Siku ile nilikuwa nguruwe, na niliona uchungu kweli kweli, kama mtu mwenye haki.

Zadock alifika Uriri siku ya tatu, amefuata habari za ule ugomvi wa kaseti. Ryoba alikuwa amefungwa taya kwa shuka, hawezi kusema. Akapewa kalamu. Akaandika maneno matano tu: MIGORI SOKONI, BWANA YA MELLEN.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana nimeandika haya yote ili nifike hapa.

Ilikuwa siku ya soko, saa sita, jua limesimama. Zadock aliingia na vijana sita wa ufuoni wamebeba makasia. Si rungu, makasia ya mtumbwi, mbao ndefu zilizoliwa na maji. Yeye alibeba redio ndogo tu. Muuza viatu wa kwanza alipomwambia hajui kitu, kasia likapita kwenye meza, viatu vikaruka mpaka kwenye nyanya za jirani. Wa pili akajibu vibaya, akapigwa mgongoni, akalala kifudifudi. Watu wakarudi nyuma ya meza zao.

Kila mtu alinijua. Kila mtu! Lakini nusu yao walikuwa na kaseti zangu nyumbani, na nusu nyingine waliogopa makasia. Abdishakur alishusha mlango wa duka lake polepole, akaniangalia mpaka macho yake yalipofichwa na bati. Mellen alikuwa amekwenda kusaga unga.

Zadock akasimama mbele yangu. Mtu mwembamba, macho mekundu. Hakupiga kelele.

"Omera," akaniuliza, yaani ndugu yangu, "hapa kuna Mellen?"

Nilitikisa kichwa kwanza, nikaona kasia likiinuliwa.

"Yuko," nikasema.

"Ni bibi ya nani?"

Na mimi nikanyoosha kidole ng'ambo ya njia.

"Bibi ya fundi."

Sikusema uongo. Mke wa Mogaka aliitwa Mellen pia. Ukirusha jiwe kwenye soko lenye Wakisii litampata Mellen mmoja au wawili. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikijiambia hivyo, sikusema uongo. Wasomaji, ukweli ule ulikuwa mchafu kuliko uongo wote niliowahi kusema maishani.

Walimtoa Mogaka kwa shati. Aliuliza, "Kuna nini, ndugu zangu?" na kasia la kwanza likampata mdomoni. La pili mbavuni. Redio za watu zikamwagika, spika, waya, betri, vijana wakazikanyaga. Mmoja akamkalia mgongoni. Mwingine akaokota nyundo ya fundi mwenyewe, ile ndogo ya kugongea, akaushika mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya meza ya kazi.

"Ni wewe uliharibu wimbo ya jaduong'?"

"Mimi sirekodi kaseti. Ulizeni mtu yeyote hapa."

Hakuna aliyefungua mdomo. Nyundo ikashuka. Kidole cha kwanza, kidole cha pili. Mogaka hakulia kama watu wanavyolia, alitoa sauti ya chini ya mtu anayebeba gunia zito. Mkono ule ulikuwa ukishika waya mwembamba kuliko unywele. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale, miguu yangu mizima, mdomo wangu mzima, na sikusema kitu.

"Taja basi ni nani," akasema kijana.

Mogaka aliinua uso. Akanitazama mimi moja kwa moja, damu inamtoka puani.

"Siwezi kutaja mtu kwa sababu ya kupigwa," akasema. "Mwenye hiyo sauti yuko hapa na anasikia. Atasema mwenyewe."

Nyundo ikashuka mara ya tatu. Mimi sikusema.

"Ngoja," akasema Zadock. Alikuwa amepiga magoti, sikio karibu na mdomo wa fundi. "Huyu si yeye. Sauti yake ni nzito. Mimi ni mtu ya muziki, sikio yangu haidanganywi." Akasimama, akatugeukia sisi sote. "Wanaume wote, pangeni laini. Kila mtu atasema."

Akaweka redio yake juu ya ndoo, akabonyeza. Sokoni mchana kweupe Zadock aliyerekodiwa akamwuliza mkewe anakwenda wapi, na mimi niliyerekodiwa nikajibu kuhusu omena, na Mellen wangu akasema wacha kelele. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tukapanga laini. Muuza viatu akasema, "Mellen! Zima jiko, omena inaungua!" Zadock akamsikiliza amefumba macho. "Pita." Muuza vitunguu akasema. "Pita." Mzee mmoja alisema kwa kutetemeka mpaka akasahau omena, akapigwa kofi la kasia kwenye paja, akarudia. "Pita."

Nilikuwa wa tisa. Mfukoni nilikuwa na chingamu. Nikaitafuna haraka haraka, nikaiviringisha kwa ulimi, nikaisindilia kwenye pengo la jino. Nikajaribu kwa kunong'ona. Zima. Zima. Nikaisukuma zaidi.

Zamu yangu ikafika. Zadock alisimama karibu nami hata nikasikia pumzi yake.

"Sema."

"Mellen! Zima jiko, omena inaungua!"

Hakuna mluzi. Neno lilitoka safi kama la mtangazaji wa redio. Zadock alikunja uso. Akainamisha kichwa upande mmoja, akafikiri.

"Pita," akasema.

Niliinua mguu kupita. Na kutoka nyuma ya kibanda changu, nyuma ya ukuta wa mabati, sauti ya mwanamke ikajibu.

"Nimezima! Wacha kelele!"

Mpaka leo sijui. Huenda aliingia tu kwa mlango wa nyuma na unga wake kichwani, akasikia mumewe anaita, mdomo ukajibu kwa mazoea. Au huenda alikuwa amesimama pale muda wote, ameona vidole vya Mogaka, ambaye ni Mkisii mwenzake, akaamua. Sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Sauti ile ilijulikana na kila mtu, mpaka watoto.

Zadock alinirudia polepole. Akanishika taya, akaniminya mashavu kwa vidole vya mpiga gita, vigumu. "Tema." Nikatema. Chingamu ikaanguka vumbini. "Sema tena. Neno moja tu."

"Zima," nikasema, na mluzi ukatoka mrefu.

Kasia la kwanza lilinipata gotini, nikaanguka. Sikuhesabu yaliyofuata. Nakumbuka ladha ya vumbi, na nakumbuka kusikia mtu akisema mwizi, mwizi, na sauti ilikuwa ya mteja wangu mmoja, aliyenunua kaseti tatu. Kisha Zadock akawazuia. Alichuchumaa karibu na uso wangu.

"Nilikuwa namwuliza bibi yangu anaenda wapi," akaniambia. Alikuwa analia, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. "Namwuliza hiyo tu. Ungeiba tu, omera, ningesema una njaa. Kwa nini ulimjibia?"

Nilitaka kumwambia ni swichi ya maiki. Yawa, ni swichi tu! Lakini ningesemaje, na aliyetaka kunibadilishia hiyo swichi alikuwa pale, ameshikilia mkono wake uliopondwa?

Mellen alikuwa ametoka. Alisimama kando ya kibanda, unga mweupe kwenye nywele, hasogei.

Vijana waliniburuta mpaka kwenye meza ya Mogaka. Zadock akaiokota ile nyundo, akaifuta kwenye suruali yake, akaiweka katika mkono wa kushoto wa fundi, ule uliobaki mzima.

"Huyu si wangu peke yangu," akasema. "Anza wewe."

Mogaka aliipima nyundo mkononi. Mdomo wake ulikuwa umevimba, maneno yalitoka kwa shida. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniulizia redio yangu ina shida gani.

"Ndugu Maroa, ni mkono gani unabonyeza rekodi?"

Mimi hubonyeza kwa mkono wa kulia. Nilikula kwa mkono wa kulia, niliiba kwa mkono wa kulia, na ndio nilionyooshea kidole kibanda chake. Nikauficha chini ya meza. Nikanyoosha wa kushoto, nikaulaza juu ya mbao iliyolowa damu yake, nikafumba macho.

"Huu," nikasema.

Nikasikia hatua za mke wangu zikija.

"Fundi, ngoja," akasema Mellen. "Si huo."